Danielle Kitenge, Aliyengojea Maji Mazuri

Padri wetu, wazazi, majirani, na ninyi nyote mliolala nasi kwenye matanga, familia imenituma mimi Adrienne, mdogo wake, niwaambie yaya wetu, dada yetu mkubwa, alipita wapi katika dunia hii.

Danielle Kitenge alizaliwa hapa Likasi tarehe 14 Mei 1970, mtoto wa kwanza wa baba Germain, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha shaba huko Shituru, na wa mama Berthe, aliyeketi hapa mbele yetu. Alianza masomo ya msingi kwa masista mwaka 1976, akapata diploma ya serikali Julai 1988, lakini wote waliokua naye wanajua kwamba darasa alilolipenda lilikuwa piscine ya wafanyakazi, ambako aliogelea kila alasiri hadi midomo ikatetemeka, akawashinda wasichana wote wa cité yetu, na wavulana wengi pia.

Mwaka 1991 pampu za piscine zilinyamaza, mishahara nayo ikanyamaza, majani yakaota kati ya vigae. Danielle akaanza kazi ya kuuza samaki, akipanda lori hadi Kapolowe, penye ziwa la Tshangalele, na huko, wakati wa kungojea mitumbwi, alichukua ubao wa mlango uliovunjika, akalala juu yake majini, baadaye akapiga magoti, na siku moja ya upepo wa Septemba akasimama, wanawake wa samaki wakadhani wanaota, kwa maana walimwona akija kwao wima, taratibu, ubao wenyewe umefichwa na mwangaza. Jioni alimwambia mama maneno machache tu:

"Mama, maji ilinibeba."

Tarehe 8 Agosti 1992 aliolewa na Jean-Luc, fundi wa magari, katika parokia yetu hii, na tarehe 3 Novemba 1993 wakapata binti yao wa pekee, Jessy. Maisha yalipozidi kukaza, Machi 1995 walivuka mpaka wa Kasumbalesa, wakateremka Zambia na Zimbabwe hadi Durban, Afrika ya Kusini, Jean-Luc akachunga magari ya watu karibu na bahari, naye akasuka nywele kando yake. Ni huko alikoona kwa mara ya kwanza wanawake wakishindana juu ya mawimbi, kila mmoja na ubao wake. Mmoja wao, Camille, mzaliwa wa Morisi anayesema Kifaransa, alimwazima wake, na Jean-Luc anatusimulia kwamba siku ile bahari ilimtupa mchangani tena na tena, akainuka na chumvi machoni, akicheka. Mwaka uliofuata alikuwa anashindana pamoja nao.

Desturi ya mashindano ya pale ilikuwa wanaume waingie asubuhi, mawimbi yakiwa marefu na laini, na wanawake waitwe mchana, upepo ukiwa umekwisha kuyachanachana. Mwezi wa Julai 1997, walipoitwa hivyo, Danielle aliketi mchangani, ubao juu ya mapaja, akakataa kuingia, Camille akaketi karibu naye, na wengine wakaketi. Wakubwa wa mashindano walitishia kuwafuta wote, na Jean-Luc, akiogopa wasije wakafukuzwa nchini kwa sababu hawakuwa na karatasi, akamwomba ainuke. Alimjibu kwa sauti ya chini:

"Jean-Luc, minye nitangoya maji ya muzuri. Kama banataka kutufukuza, batufukuze."

Waliketi mpaka jua likainama, hata watazamaji wakaanza kuketi pamoja nao, na kesho yake alfajiri wanawake ndio walioitwa kwanza. Bahari ilikuwa ya kijani kama mawe ya malakiti ya Kambove, mawimbi yalikuja moja moja, bila haraka, na yaya wetu akasimama juu ya lile refu kuliko yote, mikono imetulia, akaja nalo hadi lilipokwisha lenyewe. Camille alikuwa wa kwanza, Danielle wa pili, na tangu siku ile, kwenye pwani ile, wanawake na wanaume wanagawana asubuhi.

Mwaka 1998 figo zilianza kumsumbua, na Februari mwaka huu alirudi Likasi, akitaka kuwa karibu na mama. Mama Berthe hajaona bahari, kwa hiyo kila alasiri pale hospitali alimwomba amsimulie lile wimbi, naye alisimulia polepole, mpaka wote wawili wakafumba macho. Mara ya mwisho mama alimuuliza kama hakuogopa kule juu.

"Hapana, mama. Niliogopa tu kushuka."

Alituaga Jumanne tarehe 15 Juni 1999, asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia hata dawa zilipokosekana, majirani walioleta maji na makala ya kupikia, wanawake wa samaki waliotoka Kapolowe kwa baiskeli, na Camille, aliyetafuta simu mpaka akatupata. Jessy anauliza bahari iko upande gani, na sisi tutamwonyesha. Yaya Danielle, umechoka vya kutosha, pumzika sasa katika amani ya Mungu.