Pascaline Nabintu, Mpishi wa Kambi Aliyehesabu Sahani

Ndugu zetu wa Mutakura na Cibitoke, na ninyi mliovuka mpaka asubuhi ya leo kutoka Uvira, familia inawaomba masikio kidogo, maana mengi mtakayosikia wengi wenu hamkuyajua, na hata sisi nyumbani tumebishana siku mbili nzima kama yasomwe au yaachwe.

Mama Pascaline Nabintu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 huko Kiliba, karibu na Uvira, akiwa mtoto wa tatu wa mfanyakazi wa kiwanda cha sukari. Alisoma shule ya msingi hapohapo Kiliba kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha akapelekwa kwa masista wa Uvira kujifunza ushonaji, na huko alijulikana kwa kushika vipimo vya mteja kichwani bila kuandika, tabia ambayo masista waliikemea wasifanikiwe.

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na Bwana Honoré Bahizire, karani wa bandari ya Kalundu, wakajaliwa Valéry mwaka 1983 na Chanelle mwaka 1987. Mtoto wa tatu, Bella, hakumzaa, alimlea tangu akiwa na miaka sita, naye ndiye aliyeyaandika maneno haya na ndiye anayeyasoma mbele yenu.

Vita vilipoingia Uvira mwezi wa Agosti 1998, wanajeshi walioteka mji walifanya ghala moja la zamani kuwa kambi yao, na mwezi wa Oktoba wakamchukua Mama Pascaline pamoja na jirani yake Irène kuwa wapishi, bila kuwauliza kama wanataka. Wiki chache baadaye Mzee Uthmani, muuza chumvi, vitunguu na ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni, alimwambia kwa sauti ya chini kwamba vijana waliokuwa wakipigana na wanajeshi hao kule milimani walihitaji mtu anayeona ndani ya ukuta. Siku hiyo Mama alichukua kikapu chake akaenda. Alirudi kesho yake, wakapatana kwamba kila kikombe cha chumvi ni sahani kumi za wanajeshi na kila kitunguu ni kamyo moja, yaani lori, kisha akaomba vikombe vinne na vitunguu viwili, na Mzee Uthmani akaelewa kwamba sahani zilizooshwa zilikuwa arobaini na kamyo zilizokuwa zikitengenezwa zilikuwa mbili. Kwa miezi saba ya kwanza alifanya hivyo, bila karatasi, bila silaha, akipita mbele ya walinzi na kikapu chake, ingawa fundi mmoja wa redio aliyeshukiwa tu alikuwa amepigwa risasi nyuma ya jiko lake.

Jumatatu tarehe 10 Mei 1999 alipeleka habari kwamba kamyo mbili zingepanda kuelekea Bukavu kesho yake. Asubuhi ya Jumanne alimkuta Irène amesimama karibu na kamyo ya kwanza na mfuko wake, kwa sababu mama yake mzazi alikuwa amefariki huko Luvungi, na afisa mmoja alikuwa amemkubalia apande. Mama alimshika mkono akamwambia, "Ngojea kesho, tutaenda wote wawili." Irène, aliyemwita yaya, yaani dada mkubwa, akamjibu, "Apana, yaya, leo njo wanamuzika." Afisa alikuwa hatua tatu kutoka pale, akiwatazama, na neno moja zaidi lingemuua Mzee Uthmani, lingeua watoto wa nyumbani, kwa hiyo Mama aliuachia mkono wa Irène, akampokea Bella, binti wa Irène, na kamyo zikaondoka. Vijana wa milimani walizivamia katika makona ya barabara ile, wakafa watu kumi na tisa, Irène akiwa mmoja wao, na wote walifukiwa palepale kando ya njia, bila jina na bila msalaba.

Mama aliendelea kupika, na aliendelea kununua chumvi. Mtaani walianza kumwita mke wa wanajeshi, watoto wakatupiwa maneno kisimani, na Bwana Honoré alipomuuliza anafanya nini kambini hadi jioni, yeye akajibu kwamba anapika tu, kwani asingeweza kusema zaidi bila kumtia mumewe hatarini. Mwezi wa Januari 2000 Bwana Honoré alipanda boti kwenda Kigoma, akafariki huko mwaka 2011 akiamini alilosikia mtaani.

Mwaka 2002 Mama alivuka mpaka wa Gatumba na watoto watatu, akapanga chumba Cibitoke, hapa Bujumbura, baadaye Mutakura, akaweka cherehani yake barazani. Kwa sindano hiyo alimsomesha Valéry, ambaye leo anafanya kazi ya kutoa mizigo Bandari ya Bujumbura, na Chanelle, muuguzi, na Bella, mwalimu.

Mwaka 2006 Mzee Uthmani alimshawishi arudi Uvira kuandikishwa pamoja na waliopigana. Kijana aliyekaa mezani alimuuliza amerudisha bunduki gani, Mama akasema hakuwahi kushika bunduki, akaeleza habari ya sahani, na yule akafunga daftari akisema, "Hapa tunaandika wapiganaji, hatuandiki wapishi." Alirudi Bujumbura siku hiyohiyo, akamaliza sare za shule alizokuwa ameahidi, wala hakulizungumza tena.

Ugonjwa wa sukari ulimshika mwaka 2017, na tangu mwaka jana figo zilichoka. Jumapili tarehe 7 Septemba 2025, akiwa hospitalini, aliomba wengine watoke akabaki na Bella, akamwambia, "Ile asubuhi nilijua gari itapigwa, na nikaacha mama yako apande." Bella akamuuliza kama angeweza kumzuia. Mama hakutaja afisa, hakutaja watoto, alisema tu, "Ningeweza."

Bella aliondoka asirudi kwa siku tisa. Siku ya kumi alirudi na maji ya moto, akamwosha nywele, akamsuka. Hajui mpaka leo kama huko ndiko kusamehe, na hataki kudanganya mbele ya jeneza. Mama alifariki Ijumaa tarehe 26 Septemba 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Bella.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Mutakura waliopika na kulala nasi chini, mafundi cherehani wenzake, wafanyakazi wenza wa Valéry bandarini, na Mzee Uthmani, ambaye kwa miaka themanini na miwili yake amevuka mpaka kuja kuthibitisha kwamba kila neno hapa ni kweli.

Mama Pascaline, upumzike kwa amani. Na Mama Irène, ambaye hakusomewa historia na mtu yeyote, kando ya barabara ile walipokulaza, nawe upumzike.