Anayedai Kisima Anywe Kwanza

Sogeeni karibu, wanangu. Wewe Mwalimu kaa huku upande wa dirisha, na wewe Chupa usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kudai kodi, keti na dada yako kwenye benchi hilo moja, ndiyo, hilohilo, nimelipigilia misumari mwenyewe na najua lina nafasi ya watu wawili hata kama watu wenyewe hawasemezani. Mama yenu abaki hapo kwenye kigoda chake, maana nikizidisha chumvi yeye ndiye wa kunikoholea. Daktari ameshasema aliyosema. Kifua changu kimejaa vumbi la mawe ya nchi nzima, na mtu aliyekula ardhi maisha yake yote, ardhi nayo ina haki ya kumla, sina kinyongo nayo. Nitasema mara moja tu, msinikatize, kwa sababu pumzi niliyobaki nayo ni ya kupima kwa kijiko.

Baba yenu mnamjua. Shule niliiona kwa nje, siku nilipokwenda kuwachimbia choo, lakini kwa visima hakuna aliyenipita, aliye hai wala aliye kaburini. Nimechimba kisima kirefu mpaka tukawa tunasikia watu wa upande wa pili wa dunia wakigombana na wake zao. Haya, mama yenu amekohoa. Kilikuwa kirefu, tuseme hivyo, kirefu sana, na jiwe ukilitupa ulikuwa na muda wa kwenda kula ukarudi kulisikia likitua. Kohoa tu, mke wangu, leo ni siku yangu.

Nianze na vilivyo vyepesi. Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka aseme mwenyewe kwamba ameichoka, na yeyote atakayemwambia ahamie chumba cha nyuma, hata kwa utani, ajue nitamtokea. Kiwanja cha nyuma mtagawana nusu kwa nusu, kuanzia ukuta wa bafu. Sururu, mtaimbo, kamba na kapi lake, hivyo si vyenu, ni vya watoto wa Kobe, mshika kamba wangu aliyetangulia kaburini. Nyinyi sururu mtaifanyia nini? Mtaipima urefu mkaiandikia kurasa kumi. Basi mali imekwisha, mnaona, mali haijawahi kuninyima usingizi. Kinachoninyima usingizi ni jina.

Juzi mlidhani nimelala. Ukuta wa nyumba hii niliujenga mwenyewe na ni ukuta bora kuliko wote mtaani, ila sauti haujui kuizuia. Nikawasikia. Mwalimu unasema, "Swali ni langu, na kila neno nimeandika mimi." Chupa unamjibu, "Na maji uliyapata kwa kuyaota? Nani alizunguka na machupa juani mpaka watoto wa mtaani wakambatiza Chupa?" Dada mtu akasema, "Kubeba siyo kuandika." Hapo nikajua kumewaka. Chupa akapaza sauti, "Sikubeba tu! Nani aliona kuwa chumvi inaanzia kwenye visima vifupi, wewe ukiwa umeng'ang'ana na virefu?" Mwalimu ukajaribu kushuka, ukasema, "Basi tuweke kanyota juu ya majina yetu, tueleze chini kwamba tumelingana." Na huyu mdogo wako akacheka kicheko kibaya, akasema, "Dada, kanyota nani anakasoma? Wakitutaja watasema jina lako, na wenzake. Mimi peke yangu ndiye wenzake!"

Nililala nikitazama bati, nikasema moyoni, kumbe ndiyo haya. Kazi yenyewe nzuri, utafiti wa kwa nini visima vya upande wetu vinageuka chumvi kiangazi kikikaza, kazi ambayo watu wenye ndoo vichwani wanaisubiri, imekaa mwezi mzima ndani ya kompyuta kwa sababu ndugu wawili waliotoka tumbo moja hawajui nani aandikwe mbele. Na siwalaumu kama wajinga, kwa sababu mlishanieleza hesabu za kwenu. Wakubwa wenu wa chuoni hawana nafasi ya kusoma, wanahesabu: jina lako limetangulia kwenye maandishi mangapi, na wengine wamekutaja mara ngapi. Mwalimu mkataba wake unaisha, na hesabu hiyo ndiyo itakayosema abaki au afungashe. Chupa naye anaomba kwenda kusoma mbele, na bila jina la kutangulia barua yake wataipitisha pembeni. Kila mmoja ana njaa ya kweli. Na huku mnabishana, mmesema wenyewe, kuna watu wa chuo kingine wanachimba hapohapo. Wakifika majini kabla yenu, mtabaki na shimo kavu la kugombania.

Halafu mkapata dawa. Asubuhi mkaja wote wawili, mnatabasamu kama watu wanaouza blanketi, mkaniambia, "Baba, tumeamua jina lako litangulie. Wewe ndiye uliyetuonyesha visima." Ee! Siku ile nilipona. Nilitoka kwenda kwa kinyozi kwa miguu yangu, nikamwambia ninyoe vizuri, unamnyoa mtafiti. Muuza maziwa nilimwambia, fundi viatu nilimwambia, na yule jirani anayejidai kwa sababu mwanawe ni rubani nilimwambia mara mbili. Mpaka jioni habari ilikuwa imekua, ikawa nimeandika kitabu, ikawa ninakwenda kukisoma mbele ya marais. Mama yenu akanitazama, akasema, "Mtafiti, osha kikombe chako." Nikakiosha, na nilipokuwa nakisugua nikakumbuka kazi ya kikombe kile.

Kile pale dirishani, cha bati, kilichobanduka rangi mdomoni. Sisi wachimbaji wa zamani hatukuwa na kanyota. Tulikuwa na hicho. Kisima kikitoa maji, watu wakishakusanyika, anayedai kisima ni chake ndiye anayekunywa kikombe cha kwanza, mbele ya macho ya watu, maji yakiwa bado na tope na hakuna ajuaye yana nini. Usipokunywa, funga mdomo. Siku moja tulichimbia sokoni, na mwenye tenda, bwana mmoja mwenye tumbo la heshima, alikuja siku ya mwisho na viatu vyake vinavyong'aa, akatangaza, "Kisima hiki nimekichimba mimi." Watu wakatutazama. Kobe, aliyekuwa hasemi mpaka nyumba ishike moto, akachota, akamnyooshea kikombe, akamwambia, "Karibu mzee, kunywa." Bwana yule akaangalia kile kikombe, akaangalia watu, akaangalia saa yake. Akasema anawahi mkutano. Hata leo soko lile, kila mtu akijisifia asilolifanya, wanamuuliza, "Wewe nawe unawahi mkutano?"

Na nani alikunywa siku ile? Mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa chini. Nikanywa, nikampa Kobe. Na hapo kulikuwa na jambo moja ambalo lilikuwa adhabu kwa mdomo kama wangu: ukiwa na kikombe mkononi hukuruhusiwa kusema ulichofanya wewe. Ulisema alichofanya mwenzako. Nilisema kwa sauti, "Huyu alishika kamba, na nilipoteleza hakuiachia mpaka viganja vikachunika." Naye akasema, "Huyu alikuwa chini." Maneno matatu. Mimi ningetaka aongeze kidogo, lakini ndivyo alivyokuwa.

Kwa hiyo sikilizeni sasa, hapa ndipo palipo na wosia wenyewe. Liondoeni jina langu. Mmesikia? Msinitazame hivyo, mnafikiri halinichomi? Hakuna mtu duniani aliyelitaka jina lile mbele kuliko mimi, ningelala nalo, ningelivaa. Lakini Mwalimu ulinisomea sharti la wachapishaji wenu, kwamba kila aliyeandikwa pale awe tayari kusimama akaijibu kazi. Sasa aje mtu wa mbali aniulize, mzee, yale maji mliyapimaje, na yale machupa mengine mliyatupa kwa nini? Nitamwambia nini? Nitamdanganya. Na mnanijua, nitamdanganya vizuri, ataondoka ameridhika, na kazi yenu itakuwa imeingia tope kwa mdomo wangu. Kuwaonyesha kisima kilipo siyo kuyajua maji yake. Kikombe hicho siwezi kukinywa, na mimi sijawahi kuwahi mkutano. Niwekeni kule chini kwenye shukrani, mstari mmoja. Usiwe mfupi sana.

Yule mkurugenzi wenu naye, anayetaka kukaa mwisho wa kila orodha kama mzee wa ukoo hata kwa kazi aliyoisikia kwenye simu, muulizeni tu kwa adabu, "Mzee, wakituuliza, wewe utajibu sehemu ipi?" Muulizeni huku mnatabasamu. Kama ana jibu, akae. Kama hana, atakumbuka ana mkutano.

Basi nafasi ya mbele iko wazi tena, na mimi sitaijaza. Sitasema ni ya nani. Nikisema mmoja, mwingine atanichukia kaburini na siwezi kutoka kujitetea. Mama, naomba... lete kile kikombe. Mtungi uko hapo. Mwalimu, mimina. Si kwa ajili yangu, mimi nitasubiri. Kishike. Sasa usiniambie ulichofanya wewe, hicho nimeshakisikia ukutani. Niambie alichofanya mdogo wako.

Sema kwa nguvu, masikio yamekuwa mazito.

Ndiyo. Aliona chumvi wewe ulipokuwa huioni. Na ulikuwa umeshaandika jibu la makosa, yeye akakuzuia. Hilo sikulijua, hilo halikupita ukutani. Mpe kikombe. Na wewe Chupa, acha kutazama vidole vyako, sema ya dada yako... Aliuliza swali wakati watu wote wanamcheka. Akakuchukua wewe ulipokuwa huna kazi. Akaandika, akafuta, akaandika. Vizuri. Sasa kunywa.

Mbona unamrudishia? Anasema dada aanze. Na wewe Mwalimu unasema aanze yeye. Lo! Mke wangu, unaona watoto wako? Juzi wanagombania kutangulia, leo wanagombania kubaki nyuma, maji yanamwagika kwenye shuka langu. Endeleeni, siwakatazi. Atakayeshindwa kukataa ndiye wa mbele, na mwingine atatangulia kwenye kazi inayofuata, na kazi inayofuata iwepo, mmenielewa? Muitume kabla sijafukiwa. Msingoje matanga.

Kaburi langu... lisiwe refu, nimechoka na marefu. Juu ya jiwe andikeni jina langu, lote, herufi kubwa, mchimbaji. Andikeni mchimbaji mkuu. Kohoa, mke wangu, kohoa hata mara tatu. Na chini yake, kwa herufi ndogo lakini zisomeke, andikeni: na wenzake. Najua watu watadhani tumezikwa kundi zima. Wadhani. Kobe anajua, yeye inamtosha.

Mungu awafungulie maji popote mtakapochimba. Awape wa kuwashikia kamba, na mikono ya kuwashikia wenzenu. Yasiwe chumvi. Mama yenu asilale na kiu...

Nani amekunywa? Macho hayaoni vizuri. Usiniambie. Nimesikia makoo mawili yakimeza, inatosha.

Leteni kilichobaki kikombeni, nimalizie mimi. Ile nafasi ya mwisho, mwambieni mkurugenzi, leo ina mwenyewe.