Timu Tuliyoigawana kama Nyama

Mgeni rasmi, Mama Philomena Mokami, mlezi wa soka la vijana katika wilaya zetu za Tarime na Serengeti, pamoja na wote mlioongozana naye: karibuni Matongo. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Tunajua barabara imewapiga vumbi. Maji ya kunawa yapo pale kwa akina Boke, na ugali unasongwa. Ila tunaomba mtusikilize kwanza, maana risala hii siyo ile tuliyokusudia kuwasomea.

Mama, ratiba uliyonayo inasema leo unazindua rasmi Muungano wetu na kutupa cheti, na kwamba ukitoka hapa utaziambia timu ndogo za wilaya zote mbili zifuate mfano wetu. Ukishasaini, majina ya timu zetu tatu za zamani yanafutwa kwenye daftari la msimu ujao. Tumekaa vikao vitatu tukibishana, na mwisho tukakubaliana tukuambie ukweli kabla hujasaini.

TULIKOTOKA

Sisi tulikuwa timu tatu. Nyota ni ya hapa karibu na soko, Radi ni ya kule mlimani, na Kombora ni ya ng'ambo ya barabara. Kila moja ilikuwa na uwanja wake wenye mashimo na miti ya magoli iliyopinda. Jumapili ukipanda mlimani ulisikia kelele za viwanja vitatu kwa mpigo. Kulikuwa na wakubwa, kulikuwa na watoto wa miguu mitupu, na kule Kombora kulikuwa na wasichana wa mwalimu Ghati, ambao walipiga mpira kuliko baadhi ya kaka zao, na kaka zao walijua.

Tatizo letu lilikuwa moja. Kila tukienda mashindano ya wilaya tulirudi tumefungwa. Radi ilikuwa na kipa hodari bila washambuliaji. Kombora ilikuwa na washambuliaji, nyuma kukawa wazi kama zizi lililovunjwa. Nyota tulikuwa na kila kitu kidogo kidogo.

Ndipo mzee Nchagwa wa Nyota aliporudi kutoka kwenye safari zake za Geita, Kahama na kwingineko, akasema huko timu ndogo zimeungana na sasa zinacheza na wakubwa. Kidole kimoja hakivunji chawa, akasema. Tulimshangilia. Mama, mzee huyo ndiye anayekusomea karatasi hii, naye ameomba iandikwe kwamba wazo lilikuwa lake, na kwamba huko Kahama aliona timu zikicheza lakini hakuuliza zilivyoungana.

TULIVYOUNGANA

Tulichinja ng'ombe. Kwetu jambo kubwa halianzi bila ng'ombe, na ng'ombe akishaanguka kila upande unajua fungu lake. Wazee wana lao, wakwe wana lao, akina mama wana lao. Ukimnyima mtu fungu lake umemwambia kwamba si mtu. Ndivyo tulivyokua, wala hatuoni haya.

Kosa letu ni kwamba nyama ilipokwisha tuliendelea kugawana. Tukagawa timu. Nafasi kumi na moja hazigawanyiki kwa tatu, basi Kombora wakapewa wachezaji watatu na unahodha, Nyota wanne, Radi wanne. Akitoka wa Radi anaingia wa Radi, akitoka wa Nyota anaingia wa Nyota. Golini tulishindwana kabisa. Nyota tulikuwa na Odongo, mtoto wa Dorka anayeuza samaki hapa sokoni. Radi walikuwa na Werema, mtoto wa mzee Heche, mwenyekiti wao. Basi tukaamua Odongo adake kipindi cha kwanza na Werema kipindi cha pili, siku zote, hata iweje. Tukaandika, tukatia dole gumba, tukapiga makofi.

Kocha wetu, mwalimu Daudi, peke yake ndiye hakupiga makofi. Tulimwambia yeye ni mgeni, mambo ya huku hayajui.

TULIYOYAPATA

Kwa haki, Mama, mema yapo. Tulishinda michezo mitano. Tulipata jezi za rangi moja kwa mara ya kwanza. Vijana wa Radi na Kombora, ambao zamani walirushiana mawe mpira ukiisha, walikula sahani moja. Hilo hatulifuti. Na tulifika mchezo wa mwisho wa mchujo, kule Issenye, ambapo mshindi alikuwa anakwenda mkoani.

SIKU YA ISSENYE

Tulikodi lori, tukaenda na nusu ya kijiji. Hadi mapumziko tulikuwa mbele mabao mawili kwa bila. Odongo alidaka penati. Alidaka na mpira mwingine uliokuwa umeshampita, akaurudia na kuunasa mstarini, mpaka wenyeji wenyewe wakampigia vigelegele.

Mapumziko, mwalimu Daudi akawaambia wazee, "Wazee wangu, huyu kijana mwili umeshika moto. Leo tumwache amalize."

Mzee Heche akasimama na fimbo yake. "Mwalimu, ng'ombe tulikula pamoja. Fungu letu liko wapi?"

"Mzee, hii ni mechi."

"Na ile ilikuwa ahadi."

Werema akaja mbele ya baba yake. Wote tulimsikia. "Baba, mimi sitaki. Odongo yuko vizuri. Mwacheni."

"Mura, mwanangu, kaa kimya. Hakuna kijana aliyeulizwa."

Watu wa Radi wakaanza kupiga kelele kwamba Nyota wameshiba hawataki wenzao wale. Na sisi watu wa Nyota, Mama, hatukubisha hata neno moja. Tunalisema hili leo kwa mara ya kwanza. Beki wetu wa kulia alikuwa mzito kama debe la maji, alicheza kwa sababu ya fungu letu, na tuliogopa kwamba tukifungua mjadala wa nani anafaa, naye atatolewa. Kombora nao walinyamaza kwa ajili ya unahodha wao.

Odongo akavua glavu. Tulikuwa na jozi moja tu. Akampa mwenzake akasema, "Shika, ndugu yangu. Zimelowa kidogo."

Tulifungwa tatu kwa mbili. Mabao yote matatu yaliingia ndani ya robo saa, Werema akiwa bado hajagusa mpira kwa mkono.

YALIYOFUATA

Kesho yake sokoni Werema akapewa jina. Walimwita Kipindi cha Pili. "Kipindi cha Pili, leta chumvi! Kipindi cha Pili, mlango wa zizi umefungwa?" Watu wazima na ndevu zao walimwita hivyo. Baada ya wiki mbili aliacha mpira, akaenda kushuka maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, kuchimba na wakubwa zake. Odongo alivuka mpaka pale Sirari, sasa anadaka Isebania, upande wa Kenya, anakaa kwa mjomba wake. Tulikuwa na makipa wawili wazuri, sasa hatuna hata mmoja.

Lakini hasara kubwa hatukuiona mapema. Muungano uliandikisha vijana ishirini na watano. Zamani, Jumapili, viwanja vitatu vilikuwa na watoto zaidi ya mia. Uwanja wa Radi umelimwa mihogo kwa sababu mwenye shamba aliona hauchezewi. Wasichana wa mwalimu Ghati hawana pa kuchezea. Wengi wa watoto wale siku hizi wanaokota mawe ya dhahabu kwenye vifusi vya machimbo, na tunawaona.

MAOMBI YETU

Mama Philomena, hatusemi kuungana ni kubaya. Tuliungana vibaya, na wewe unataka kutupeleka kwa wenzetu kama mfano. Tunaomba usisaini leo.

Tunaomba Nyota, Radi na Kombora ziandikishwe tena, kila moja kwao, kwa ajili ya watoto na wasichana. Mashindano makubwa yakija, tutoe timu moja ya pamoja, na mchaguzi atoke mbali. Tuletee mtu asiyejua huyu ni mtoto wa nani. Sisi wazee siku hiyo tutakaa nje ya kamba, na fimbo zetu tutaziacha nyumbani.

Tunajua kwenye gari lako kuna mipira na jezi za Muungano. Ukirudi nazo hatutalalamika. Tulizitamani, lakini ndivyo ilivyo.

Mzee Heche amekubali jina lake lisomwe. Yeye mwenyewe alishuka maduarani kuzungumza na mwanawe. Werema hakumkatalia. Alisema, "Baba, nitarudi. Ila mtu aniweke golini kwa sababu najua kudaka, au aniache nje kwa sababu sijui. Nisiingie tena kwa sababu yako." Mzee alirudi na maneno hayo akatuambia tuyaandike kama yalivyo, tusiyalainishe.

Dorka naye tulimfuata, tukamwambia tunataka kumwomba msamaha mbele yako. Alikuwa anageuza samaki, hakusimama. "Mnaniomba mimi? Mimi nilidaka? Nendeni Isebania mkamwambie mtoto mwenyewe." Tutakwenda Jumamosi, watu wa Radi wakitangulia. Hatujui Odongo atasemaje. Huenda akakataa kurudi, na akikataa tutamtakia heri huko huko.

Mungu akutangulie, Mama, akurudishe nyumbani salama, aulinde mkono wako leo usifanye haraka kama tulivyofanya sisi. Kwenye ratiba pameandikwa kwamba risala inasainiwa kwa jina la Muungano. Pale tumepaacha wazi.

Ni sisi,
Nyota, ya sokoni.
Radi, ya mlimani.
Kombora, ya ng'ambo ya barabara.
Matongo, Tarime.