Mrija Uliokua Bila Kuitwa: Maisha ya Mwalimu Phineas Mwarandu

Ndugu, jamaa na majirani mliotushika mkono katika msiba huu, marehemu Mwalimu Phineas Mwarandu alizaliwa Frere Town tarehe 14 Machi 1943, mtoto wa pili wa mzee Mwarandu Kenga, seremala, na mama Dhahabu, na tangu utotoni alikuwa mtu wa kuchungulia, akipasua maua ya boga shambani ili aone yaliyomo, jambo lililompatia viboko vingi, kwani ua likishapasuliwa, boga halipatikani tena.

Alisoma hapa hapa Frere Town, akamaliza sekondari mwaka 1962 na chuo cha ualimu mwaka 1965, akafundisha biolojia Changamwe, kisha Januari 1974 akahamia shule moja ya Kisauni, alikodumu mpaka maradhi yalipomstaafisha. Alifunga ndoa na Bi Margret tarehe 7 Desemba 1968, wakajaliwa Ishaka, Dhahabu na Kenga, aliyetutoka angali mchanga mwaka 1981. Kaka yake mkubwa naye alifundishwa kusoma na marehemu, barazani, mvi zikiwa zimeshaota, na ndiye anayewasomea wasifu huu, aliyesimuliwa haya yafuatayo na kuagizwa asiyaruke.

Somo alilolipenda kupita yote lilikuwa la uchavushaji, ambapo aliweka chavua, ule unga wa ua dume la boga, juu ya kioo, akaidondoshea maji ya dafu, na wanafunzi wakapokezana hadubini wakiutazama mrija mwembamba ukichomoza kwenye chembe na kurefuka nchani tu, huku yeye akieleza kwamba yai la ua huita, na mrija, kwa kuwa ni wa kiume, huitika naam na kuufuata wito, na kila mwaka darasa lilicheka.

Mnamo Juni 1985, Kuluthum binti Faraj, msichana wa Junda, kidato cha tatu, aliyelelewa asiingie hata chumbani kwa mamake pasipo kuitwa, aliinua uso kutoka kwenye hadubini akauliza, "Mwalimu, hapa kiooni hamna yai. Huu umeitwa na nani?" Darasa likacheka, safari hii likimcheka mwalimu, naye akaliita swali ujuvi, akamtoa nje asimame kando ya nguzo na kumwambia asirudi mpaka aitwe. Kengele ikalia, akaenda mkutanoni, akasahau. Kesho yake alimkuta amesimama pale pale kando ya nguzo, akampita akingoja aombwe radhi, na siku ya tatu nguzo ilikuwa peke yake, kwa maana babake alikuwa amesema kwamba kama kazi ya shule ni kusimama, na akasimame kwa mumewe, na likizo ya Agosti ilipofika, Kuluthum alikuwa ameolewa Likoni.

Mwalimu alijiliwaza kwa miaka mingi kwamba binti angeolewa tu, hadi Februari 1999, mwanafunzi wake wa zamani alipomletea makala ya wataalamu, akasoma kwamba nchani mwa mrija, kwenye utando wa seli, mna protini inayoamka na kulala mfano wa taa, kwamba inapoamka ndipo kalsiamu huingia na vifaa vya kujengea ukuta hupelekwa, na kwamba ikilazimishwa kuamka kila upande, mrija huvimba kama mpira na hauendi popote. Yai lina wito wake, alimweleza kakaye, lakini amri ya kukua mrija umezaliwa nayo, na yule mtoto aliliona hilo kwa macho yake, "nami nikamzima." Alivuka feri mara mbili, akafika mlangoni kwa Kuluthum, karibu na Shelly Beach, anakotunga vikuba vya asumini vya maharusi, na mara zote mbili akarudi, akimwambia Bi Margret kwamba aliyemfungia mwenziwe mlango hana kinywa cha kupigia hodi.

Figo zilimlaza hospitalini tarehe 3 Juni, na alipoona siku zinamtoka alituma mtu Likoni, likarudi jibu hili, "Mwambieni mwalimu nitakuja, lakini nitasimama nje. Aliniambia nisirudi mpaka niitwe." Jibu lilimkuta sauti imeshakatika, midomo ikacheza, neno lisitoke, na alfajiri ya tarehe 22 Agosti 1999 akaiaga dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Frere Town na Junda waliopika na kukesha nasi, walimu wenzake, na wanafunzi waliochimba kaburi kwa mikono yao.

Lililobaki ni lile aliloagiza mapema, kwamba iwapo ulimi wake ungetangulia kufa, litamkwe hapa, mbele ya watu wote. Kuluthum binti Faraj, uliyesimama nje ya ua, mwalimu anakuita, ingia ndani.

Nawe Mwalimu, wito wako tumeufikisha, sasa pumzika kwa amani.