Aliyekataa Kiti cha Wageni

Ndugu mliokaa, ndugu mliokosa pa kukaa, na ninyi mlioko kule uani ambao najua mnasikia kwa sababu vyombo vimenyamaza, poleni kwa msiba huu. Karatasi hii imeandikwa na watoto watatu wa marehemu, na inasomwa na mkwe wake, mume wa binti wa pili, kwanza kwa kuwa wenyewe wameogopa sauti zitawakatika njiani, na pili kwa kuwa marehemu mwenyewe aliwahi kusema, mbele ya mashahidi, kwamba mkwe huyu kazi pekee anayoiweza sawasawa ni kusema.

Marehemu, ambaye nusu ya waliopo hapa hawakuwahi kumwita kwa jina jingine ila Mama Masufuria, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, ng'ambo ya mpaka, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na kituo cha reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba na wa kwanza wa kike, jambo lililomaanisha kwamba alianza kubeba wadogo zake mgongoni kabla mgongo wenyewe haujakomaa. Baba yake alikuwa mlinzi wa ghala la pamba, mama yake alikuwa mkulima, na kwa watu wa kwao mwanamke akifika msibani hamsalimii mtu, anapita moja kwa moja hadi uani, anakunja mikono ya gauni, anashika sufuria lililo chafu kuliko yote, na salamu huja baadaye kazi ikipungua. Marehemu alifundishwa hivyo na mama yake angali mdogo, akiwa na majivu mkononi na kipande cha gunia, na hakujua kwamba kuna watu duniani wanaofanya vingine.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959 akamaliza mwaka 1965, akiwa amefaulu vizuri, ila nafasi ya kuendelea nyumbani kwao ilikuwa ya mmoja naye akawa kaka yake, basi yeye akapelekwa kwa masista kujifunza ushonaji, ambako alipata cheti mwezi Desemba 1968. Tarehe 22 Agosti 1970 alifunga ndoa na mchomeleaji wa vyuma, mtu wa maneno machache, ambaye marehemu alisema alimpenda kwa sababu ndiye mwanamume wa kwanza aliyemsikiliza mpaka akamaliza. Mume huyo alipata kazi ya kujenga matangi katika mji huu, mkataba wa miaka miwili, wakawasili kwa treni tarehe 9 Juni 1974 pamoja na kifungua mimba wao aliyekuwa bado anatambaa kwa ubishi wa kutotaka kutembea, wakapanga chumba kimoja katika mtaa huu huu, kwenye ua wenye vyumba vinane, bomba moja na choo kimoja. Kitanda hawakununua, walilala kwenye godoro chini, kwa maelezo kwamba kitanda hakipandi treni.

Mwezi Februari mwaka uliofuata alifariki mzee aliyekuwa akiishi chumba cha pili, baba mkwe wa mke wa fundi viatu, na marehemu alifanya kile alichofundishwa. Aliingia, akawapita wafiwa wote bila hata kuwatupia jicho, akaenda uani, akashika sufuria. Watu wa mtaa huu, kama mjuavyo, hukaa kwanza, hushika mkono wa mfiwa mmoja baada ya mwingine, hulia kidogo, ndipo huulizia kazi, kwa hiyo walipigwa na butwaa, na mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba huyu wa kuja amefuata chakula. Mke wa fundi viatu, ambaye yupo hapa leo na ambaye mwenyewe ametuomba sehemu hii isomwe bila kupakwa sukari, alimnyang'anya sufuria, akamwambia wewe ni mgeni wetu, kaa, akamwekea kiti mstari wa mbele pamoja na mwakilishi wa serikali ya mtaa, na sahani ikaletwa mapajani. Marehemu alisema hakuwahi kula chakula kichungu kama kile, na wala hakikuwa kimeungua.

Alirudi chumbani akamwambia mumewe kwamba mkataba uishe usiishe, yeye hataondoka katika mji huu akiwa mtu wa kukalishwa kitini. Mumewe alimsikiliza mpaka akamaliza, kama kawaida yake, na mkataba ulipokwisha aliomba mwingine, na kitanda kikanunuliwa.

Tarehe 3 Mei 1976 aliajiriwa katika kiwanda cha mashati, idara ya kola, na hapo alitumika hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2006. Wafanyakazi wenzake waliofika leo wanakumbuka kwamba msimamizi wa kwanza alimpa mashine mbovu iliyo karibu na mlango, ya kumi na moja, ambayo kila mgeni alipewa na kila mgeni aliikimbia, na kwamba marehemu aliipaka mafuta, akaizoea, akakataa kuhamishwa hata alipopewa mpya. Akiulizwa kwao ni wapi, na aliulizwa sana, alijibu kwao ni mashine ya kumi na moja, anayetaka kumtembelea apite mlangoni.

Marehemu na mumewe walijaliwa watoto watatu, wa kiume aliyezaliwa mwaka 1972, na mabinti wawili waliozaliwa mwaka 1977 na mwaka 1981. Huyo wa kiume alipofika darasa la tatu alirudi siku moja analia kwamba wenzake wamemwambia arudi kwao, akamuuliza mama yake kwao ni wapi ili aende, na marehemu badala ya kumbembeleza alimpa ufagio, akamwamuru afagie ua mzima, mbele ya vyumba vyote vinane, maana wageni hawafagii. Alifagia ua ule mpaka anaoa, na mkewe anasema hata leo akiwa na mawazo anatafuta ufagio.

Misiba yote ya mtaa huu marehemu aliihudhuria, ya Waislamu kwa Wakristo, ya waliompenda na ya waliomsema. Alijifunza kukaa kwanza, akajifunza kushika mikono, akajifunza hata kulia kwa mtindo wa hapa, ambao yeye aliuona una kelele nyingi, kisha akajongea taratibu hadi uani na kushika chombo. Sufuria hawakumnyang'anya tena, lakini walimshukuru. Walimshukuru kila mara, kwa upole, mbele za watu, ahsante sana mgeni wetu, umejisumbua, na shukrani hizo zilimchoma kuliko matusi, kwa kuwa aliangalia kushoto na kulia na hakuona mwanamke mwingine anayeshukuriwa. Mke wa fundi viatu alikuwa akisugua pembeni yake hadi kucha zinakatika na hakuna aliyemwambia hata pole.

Tarehe 17 Novemba 1989 mama yake mzazi alifariki, marehemu akapanda treni peke yake kurudi alikozaliwa, akafika, akawapita watu wote bila salamu hadi uani, akainama kushika sufuria. Wake wa kaka zake walimkimbilia, wakamwambia dada umetoka mbali, usichafue nguo, na mdogo wake wa kiume akamletea kiti kilichofunikwa kitambaa, akamkalisha mbele na wageni wa heshima, na mlo ulipoletwa, wengine walikula kwa mkono, yeye akapewa uma. Hapo kwenye msiba wa mama yake mzazi, katika ua uleule alikojifunzia kusugua, alishukuriwa kwa kufika. Aliporudi aliwaambia watoto wake kwamba sasa amekalishwa kitini pande zote mbili, kwamba hana nguvu za kupigana kote, na kwamba amechagua kupigania hapa kwa sababu hapa ndipo watakapobaki wao. Alilia wakati anasema, lakini alisema mpaka mwisho.

Tarehe 6 Julai 1994 mumewe alifariki kwa ugonjwa wa mapafu uliotokana na moshi wa kuchomelea. Ndugu wa ng'ambo walitaka mwili urudishwe, marehemu akagoma, akasema mume wake atazikwa mji alioujengea matangi, na baada ya kushinda mabishano hayo ndipo hofu ilipomwingia. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewaoshea vyombo watu wa mtaa huu, lakini hakujua kama na wao wangemwoshea, au kama wangekuja kumpa pole ya mgeni, wakae, wale, waondoke. Aliwaita watoto asubuhi ya mazishi akawaambia wawe tayari, hasa binti wa kwanza aliyekuwa na miaka kumi na saba, kwamba ikibidi mfiwa ndiye ataosha. Kisha akakaa kwenye mkeka na wafiwa, macho chini, masikio uani.

Watu walijaa, walikaa, walishika mikono, walilia, na uani kulikuwa kimya. Halafu akaingia mke wa fundi viatu. Hakumsalimia mtu, hakulia, hakumtazama hata mfiwa usoni, alipita katikati ya watu wote kama mtu aliyeacha kitu jikoni, akaenda moja kwa moja uani, na muda si mrefu ikasikika sauti ya maji na chuma. Wanawake wengine wakatazamana, mmoja akanyanyuka, akafuata wa pili, mkeka ukabaki nusu. Marehemu aliangua kilio ambacho hakuwa amekilia tangu mumewe alipokata roho, na watu wakadhani anamlilia mume, naye alisema baadaye kwamba alikuwa anamlilia mume kweli, ila sasa alikuwa amepata mahali pa kumlilia.

Toka siku hiyo hakushukuriwa tena. Badala yake alianza kugombezwa, na mwaka 1997 alipochelewa msiba wa fundi saa kwa sababu ya zamu ya kiwandani alifokewa mbele ya umati kwamba anajifanya mtu wa maofisini, akarudi nyumbani anacheka njia nzima. Jina la Mama Masufuria lilianzia hapo, na mkwe anayesoma haya anaweza kushuhudia kwamba alipokwenda kujitambulisha mwaka 2001, amevaa suti ya kuazima, alipewa kiti kwa muda wa kunywa maji tu, kisha akapewa gunia la viazi na kisu.

Afya ya marehemu ilianza kuyumba mwezi Septemba 2019, ikagundulika kuwa figo zimechoka, akaanza kusafishwa damu katika hospitali ya mji huu, ambako alitembea na kitambaa chake na kufuta meza ya kitanda chake na za jirani, wauguzi wapende wasipende. Mwezi Januari mwaka huu hali ilibadilika, na siku ya Jumanne tarehe 12 Machi 2024, saa tatu asubuhi, alifariki mbele ya watoto wake wote, akiwa amebakiza siku mbili kutimiza miaka sabini na mitatu. Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, na mdogo wake wa kiume, yule aliyemletea kiti mwaka 1989.

Juzi mdogo wake huyo, mjomba wetu, alifika na wazee wawili kutoka ng'ambo, wakaomba marehemu akalazwe pembeni ya mama yake, na hatutaficha kwamba mazungumzo yalikuwa mazito, sauti zilipanda, na mtu mmoja aligonga meza. Kitinda mimba ndiye aliyemweleza mjomba yale ya mwaka 1989, maana marehemu hakuwahi kumwambia mdogo wake, hakutaka kumlaumu kwa jambo alilolifanya kwa heshima. Mjomba alisema alidhani alimtunza. Akatoka nje, akakaa garini, na aliporudi alisema azikwe hapa, na hakuna aliyemuuliza zaidi. Leo alfajiri, kabla turubai halijafungwa vizuri, mzee huyu wa miaka sabini amewapita watu wote bila kuwasalimia, amekwenda uani, na mpaka sasa amekataa kutoka, ingawa kwa desturi ya kwao hiyo si kazi ya mwanamume. Mjomba, salamu zako tutazipokea jioni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomvumilia na kitambaa chake, inawashukuru viongozi wa dini, inawashukuru uongozi na wastaafu wa kiwanda cha mashati waliokodi basi kuja hapa, na inawashukuru wote waliotoka mbali. Ninyi majirani wa mtaa huu, marehemu alituita wiki tatu zilizopita akatukataza kabisa tusiwashukuru, alisema tukifanya hivyo tutamwaibisha, kwa sababu ninyi hamkuja msibani, ninyi ndio mmefiwa. Basi hatuwashukuru. Mkimaliza kumzika, nendeni uani, kuna masufuria.

Lala kwa amani, mama, hapa kwako.