Tundu la Kitovuni

Benchi la kahawa, pale Kibiti karibu na kituo cha mabasi, limeegemea ukuta wa Mshamu, chini ya dirisha la chumba cha mkewe, Mwanawetu. Miaka ile hospitali za watu binafsi zilikuwa zikiibuka Dar kama maduka ya mitumba, na katika mojawapo mke huyo alitolewa uvimbe kwa matundu matatu madogo, moja kitovuni. Karudi juzi, kutapika hakuishi. Mshamu katoka alfajiri kutafuta ndimu na tangawizi. Sasa saa nane mchana, mfuko uko miguuni pake, na kuingia ndani anaogopa.

Dirishani mtu akatapika.

— Dawa ya usingizi hiyo, alisema Redio, asiyepitwa na habari. Wanawake inawatesa kuliko sisi. Itapita.

— Usingizi gani! alidakia Pampu, fundi baiskeli. Walimjaza hewa tumboni wapate kuchungulia. Mshamu, waliitoa yote?

— Walisema wameitoa.

— Nani aliipima?

Akatapika tena. Mshamu akamshukuru Mungu kimoyomoyo, maana maiti haitapiki.

— Hewa si hoja, alinong'ona Fikirini, wanayemwita Maruhani. Kitovu ni mlango. Mkunga aliufunga siku ya kuzaliwa, wao wakaufungua.

— Kikaingia nini?

— Sijui. Ila sikilizeni vizuri. Si yeye anayekitapika. Chenyewe kinamtapika yeye, kibaki na nyumba.

— Toba yarabi! Redio akajisogeza mbali na ukuta. Mshamu, ingia ukamwone mkeo, bwana!

— Naingia.

Hakunyanyuka. Aliinamia mfuko wa ndimu, uso ukimwiva kwa aibu.

Mara, kwenye njia ya zahanati, akatokea dada yake, Rukaya. Nyuma yake, polepole, mkono tumboni, Mwanawetu.

— Hamjambo, mashemeji? Nimechomwa sindano saa nne, sijatapika tena, alhamdulillahi. Mume wangu, kumbe umerudi! Mbona unalia?

Mshamu alilia kwa furaha, bila kujificha. Rukaya akafungua pindo la khanga, akatoa ufunguo.

— Tulifunga mlango tangu asubuhi, kaka. Pole kwa kukaa nje.

Dirishani mtu akatapika.

Mwanawetu aliinua macho, akawatazama wote mmoja mmoja.

— Humo ndani anatapika nani?

Muuza kahawa akaanza kukusanya vikombe.