Kitambaa cha Njano Mlangoni kwa Dada Nukta

Ndugu, jamaa na majirani mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, anayewasomea ni mdogo wake marehemu, na historia hii imeandikwa kama mume wake, fundi bomba, alivyotaka, yaani bila kufichaficha.

Dada yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Nukta, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya posta, akiwa mtoto wa tatu wa karani na mshona sare, alianza shule ya msingi Januari 1968, akamaliza kidato cha nne Novemba 1978, na tusimpambe jamani, alikuwa mtoto asiyetulia, akianza kufua anaziacha nguo kwenye beseni, akienda kufagia anautupa ufagio katikati ya uwanja.

Tarehe 4 Januari 1982 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji kama msahihishaji wa vitabu vya shule, ambako alikutana na fundi aliyekuja kuziba bomba, mcheshi wa maneno mengi, wakaoana tarehe 17 Agosti 1985, wakajaliwa binti mwaka 1987 na mvulana mwaka 1990.

Mwaka 1994, kwa ile tabia ya kuinuka-inuka mezani, alipitisha kitabu cha hesabu chenye majibu ya sura nzima yaliyokosewa, walimu wakapiga simu wiki nzima, naye akakosa pa kuuficha uso. Hapo ndipo alipojifunza kukaa, akaanza na dakika kumi, kila wiki akiongeza tano, chupa ya maji kando asije akasingizia kiu, na kitambaa cha njano kwenye kitasa cha mlango, ishara kwamba asisumbuliwe, kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi, na kwa mtindo huo akasahihisha vitabu zaidi ya mia mbili bila aibu nyingine.

Alipostaafu tarehe 30 Juni 2016 aliendelea kuletewa kazi, akakihamishia kitambaa nyumbani, simu akiifungia kwenye kopo la unga, na siku mumewe alipogonga kuulizia soksi zake aliambiwa mlango ule haugongwi labda nyumba iwe inaungua, basi fundi akashika adabu, akawa anapita pale kwa ncha za vidole, huku akiwatania majirani kwamba kumwona waziri ni rahisi kuliko kumwona mke wake.

Jumanne tarehe 7 Machi 2023, saa mbili na robo, fundi alisikia kishindo, akasimama mlangoni na kikombe cha chai, mkono ameshauinua, akakiona kitambaa, akajiambia ni kamusi imedondoka, akaushusha, na saa nne na dakika tano alipofungua alimkuta mkewe sakafuni, macho wazi. Madaktari walisema ni kiharusi, na kwamba mgonjwa wa namna hiyo hutakiwa kuwahishwa hospitali, kila dakika ina thamani. Siku ya tatu, kwa ulimi mzito, alimwuliza mumewe mbona hakugonga. Alifariki Jumapili tarehe 12 Machi, alfajiri.

Shemeji yetu anajilaumu, lakini tulijifunza sote kumpisha, tukajisifu kwa hilo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza tufanye nini akichelewa kutuitikia. Tunajuta sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa siku zile tano, jirani aliyetoa gari bila kuulizwa mara mbili, na wenzake wa kiwandani waliomalizia kurasa arobaini alizoziacha mezani.

Asubuhi ya leo, kabla jeneza halijafungwa, mume wake aliomba tumpishe kidogo, akagonga ubao mara mbili, akangoja, kisha akatuambia tuendelee.

Dada, umegongewa, ingawa tumechelewa. Pumzika kwa amani.